Rangi inabanduka, mkono unang'oka: kutafuta kosa kwenye timu ya Blood Bowl

Mchezaji wa Blood Bowl, yaani kijisanamu cha mchezo wa mezani unaoiga mpira wa Kimarekani kwa timu za binadamu, panya-watu na viumbe wengine wa kubuni, anapata taabu ambazo vijisanamu vingine vya mezani havizijui. Akipigwa chini, analazwa chali. Akizimia, anageuzwa kifudifudi, pua na vifundo vya vidole vikisugua ubao. Kila upande una watu 11 uwanjani na zamu 8 katika kila kipindi, na hakuna zamu inayopita bila mtu kushikwa kichwa, kuinuliwa, kubwagwa au kusukumwa hadi mraba wa pili. Mwaka 1986, kampuni ya Games Workshop ya Uingereza ilipotoa mchezo huu uliobuniwa na Jervis Johnson, timu zilikuwa za karatasi ngumu iliyochapishwa, kwa hiyo hakuna aliyelalamikia rangi. Siku hizi wachezaji ni wa plastiki, rezini au metali, tunawapaka wenyewe, na malalamiko hayaishi.

Mimi nilianza kupaka Northampton, Uingereza, kwenye chumba cha baridi chenye dirisha lisilofunga vizuri. Sasa nipo Tanga, na unyevu wa pwani umenirudisha darasa la kwanza. Nilichojifunza kwa kuharibu timu mbili nzima ni kwamba kasoro inaonekana juu lakini mara nyingi imezaliwa chini. Ni kama plasta ya ukuta: inapodondoka, anayelaumiwa ni fundi wa mwisho, kumbe matofali yalikuwa na vumbi. Kwa hiyo kabla hujanunua rangi nyingine, tafuta ni tabaka lipi lililoachia.

Rangi inabanduka puani, magotini na kwenye vifundo

Okota kipande kilichobanduka kabla hakijapeperuka, ukigeuze uangalie mgongo wake. Hapo ndipo penye jibu.

Kama mgongo una rangi ya praima, ile nyeusi au ya kijivu uliyoanzia, basi praima yenyewe imeuachia mwili. Rezini ndiyo inayoongoza kwa kosa hili, kwa sababu kiwandani kalibu hupakwa mafuta ili kijisanamu kitoke bila kunata, na mafuta hayo yanabaki mwilini. Huyaoni, ila ukimpapasa mchezaji unahisi utelezi. Dawa ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki wa zamani, kisha kuacha akauke kabisa, hasa kwapani na katikati ya miguu ambako maji hujificha. Waliochapishwa nyumbani kwa printa ya 3D, kwa rezini inayokazwa na mwanga, wana ugonjwa wa pili: wasipooshwa vizuri na spiriti ya isopropili na kukaushwa kwa mwanga wa kutosha, ngozi yao inabaki inanatanata na haishiki chochote. Wa metali shida yao ni ulaini wa uso. Wasugue taratibu kwa msasa laini sana, uoshe, ndipo upake praima.

Kama mgongo wa kipande una rangi ya jezi tu, na mwilini praima imebaki salama, kosa liko kati ya rangi na praima. Jiulize ulikula nini ukiwa mezani. Sisemi kwa utani: alama ya kidole kilichoshika sambusa inatosha kuizuia rangi isishike. Sababu nyingine ni maji kuzidi. Rangi ya akriliki ina gundi ndani yake, na ukiizamisha kwenye maji mengi kinachobaki juu ya kijisanamu ni unga usio na gundi. Ukitaka rangi nyepesi sana, ongeza dawa ya kuchanganyia rangi za akriliki badala ya maji matupu.

Na kama hakuna kipande chochote, ila rangi imelika polepole hadi praima ikachungulia kwenye ncha ya pua, huo ni msuguano wa kawaida. Ulipaka vizuri, hukukinga. Mchezaji wa kulala chali na kifudifudi anahitaji vanishi ngumu ya kung'aa tabaka mbili, kisha juu yake vanishi isiyong'aa ili asionekane kama embe lililopakwa mafuta. Ile isiyong'aa peke yake ni laini mno kwa kazi hii. Halafu wafundishe wenzako kumshika mchezaji kwenye kitako chake, ingawa hilo mimi bado sijafaulu.

Praima ikiwa ndiyo iliyoachia, usizibe kiraka, kwa sababu kiraka kitabanduka na jirani yake. Vua rangi yote. Waingereza wengi huloweka kwenye Dettol ile ya kahawia, na kwa bahati nzuri hiyo inapatikana kila duka la dawa kwetu. Iache isichanganywe na maji, loweka usiku kucha, vaa glavu maana inaunguza ngozi, kisha sugua kwa mswaki uliochovywa Dettol hiyohiyo. Mara ya kwanza mimi nilikimbilia bombani. Maji yalipogusa tu, ile rangi iliyolainika ikageuka ulimbo, kama utomvu wa fenesi, ikanasa kwenye kila mkunjo wa jezi na kwenye vidole vyangu vyote kumi. Mtoe rangi kwanza kwa Dettol mpaka awe safi, mpake sabuni ya vyombo akiwa bado hajaguswa na maji, ndipo umsuuze. Asetoni iachie wachezaji wa metali peke yao, kwani mtu wa plastiki akiingia humo anayeyuka.

Uso una chembechembe, au umefunga ukungu mweupe

Watu wanachanganya haya mawili kwa sababu yote yanatoka kwenye kopo la kupuliza. Yatofautishe kwa kidole chenye maji. Lowesha sehemu yenye kasoro: weupe ukipotea na rangi ikarudi mpaka maji yakauke, huo ni ukungu wa vanishi. Ukiona hakuna kilichobadilika na kidole kinakwaruza kama kimegusa msasa, hizo ni chembe za rangi iliyokauka hewani kabla haijafika mwilini.

Chembe husababishwa na joto na umbali. Ukipuliza kwenye jua la saa nane, mbali na kijisanamu, kinachomfikia ni vumbi la rangi. Umbali wa sentimita 20 hadi 30 unatosha. Tikisa kopo dakika mbili nzima kwa saa, maana dakika mbili za kukisia huwa sekunde ishirini. Anza kupuliza pembeni ya mchezaji, mpitie haraka, umalizie pembeni. Chembe zikiwa chache, mswaki mkavu unaziondoa. Zikiwa nyingi, rudi kwenye Dettol.

Ukungu ni habari ya unyevu, na hapa ndipo Tanga iliponishinda. Wakati wa masika nilipulizia vanishi timu yangu ya panya, watu 12, na baada ya robo saa wote walikuwa wamenyunyiziwa majivu. Mtaani kwetu kuna mzee anayepiga rangi magari, nikampelekea mmoja kiganjani.

«Shikamoo mzee.»

«Marahaba mwanangu. Huyu panya amefanywa nini?»

Nikamweleza. Hakuangalia hata kopo la vanishi nililoshika.

«Ulipuliza saa ngapi?»

«Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali.»

«Basi umepuliza umande.»

Yeye hagusi gari kabla ya saa nne, jua likiwa limeshakausha hewa, na hata hapo anapuliza kivulini. Mvua ikiwa inanukia, anafunga kazi na kunywa kahawa. Tangu siku hiyo nimefuata ratiba yake. Northampton tatizo lilikuwa la upande mwingine: kopo lenyewe lilikuwa baridi, rangi ikatoka kwa matone. Tulikuwa tunaliweka dakika chache kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Uvuguvugu, nasisitiza. Kopo la gesi halipashwi jikoni wala halianikwi juani.

Panya wangu walipona. Paka vanishi ya kung'aa kwa brashi juu ya ule ukungu; inajaza vitundu vidogo vinavyotawanya mwanga na weupe unatoweka. Ikikauka, malizia kwa vanishi isiyong'aa, ya brashi pia. Nikiri kwamba miezi ya Aprili na Mei sipulizi tena chochote. Praima ya brashi inachelewesha kazi, lakini haijanisaliti hata siku moja.

Jezi ya njano ina mabaka

Njano, nyekundu na nyeupe ndizo rangi za timu, na ndizo rangi ngumu kuliko zote. Nilipotaka timu yangu ya binadamu wavae njano na kijani kama Yanga, na panya wavae nyekundu na nyeupe kama Simba, nilipaka njano juu ya praima nyeusi mara sita. Mara ya sita wachezaji walikuwa wanene. Mikunjo ya jezi ilikuwa imefukiwa, na njano yenyewe ilikuwa bado inaonekana kama uji wa ulezi ulioingia bizari.

Rangi ya njano inapitisha mwanga, kwa hiyo unaona kilicho chini yake. Kuiongeza unene hakusaidii. Badilisha kilicho chini. Paka kwanza kahawia nyepesi inayokaribia haradali, au waridi hafifu, juu ya praima nyeupe. Njano itakaa kwa tabaka mbili. Nyekundu inapenda kahawia iliyokoza chini yake. Nyeupe usianze nayo kabisa: anza na kijivu hafifu au rangi ya mfupa, kisha nyeupe iguse sehemu zilizoinuka tu.

Michirizi ya brashi mara nyingi ina sababu moja: rangi nzito. Inatakiwa itiririke kama maziwa mabichi, isivutike kama mtindi. Kwenye joto letu rangi inakauka sahanini kabla hujamaliza bega moja, ukiongeza maji inatengeneza vipande, na vipande hivyo vinahamia usoni kwa mchezaji. Chukua kopo bapa la chakula lenye mfuniko, weka sponji iliyolowa, juu yake tandaza karatasi ya kuokea, uchanganyie rangi hapo. Maji yanapanda taratibu kupitia karatasi. Ukilifunga, rangi ya leo unaikuta kesho. Badilisha maji kila baada ya siku chache, la sivyo kopo litanuka na mama mwenye nyumba atauliza kuna nini humo.

Kivuli kimeacha duara kama la kikombe cha chai

Rangi nyepesi ya kivuli hutakiwa iingie mikunjoni. Ikituama kwenye sehemu tambarare, kama kilinda bega au paja, inakauka kuanzia ukingoni na kuacha duara. Umeweka nyingi, au umeigusa tena ikiwa imekauka nusu. Ikiwa bado mbichi, fyonza kwa brashi safi iliyokaushwa kwenye kitambaa. Ikiwa imekauka, usiisugue. Rudia rangi ya jezi kwenye sehemu tambarare peke yake na uache mkunjoni palivyo. Watu wa jezi nyeupe wasimwagiwe kivuli mwili mzima. Chora mikunjo mmoja mmoja kwa ncha ya brashi.

Namba mgongoni ina utando unaong'aa

Stika za maji, zile unazolowesha ili zitelezе kutoka kwenye karatasi yake, ukizibandika juu ya rangi isiyong'aa, zinakaa juu ya vilima na mabonde usiyoyaona. Hewa inabaki chini, na ukimwinamisha mchezaji kwenye taa unaona mraba wa fedha kuizunguka namba. Paka vanishi ya kung'aa mgongoni kwanza, bandika, kandamiza kwa pamba yenye unyevu, paka dawa ya kulainishia stika, kisha funika yote kwa vanishi isiyong'aa. Utando ukiwa umeshaonekana, toboa vitundu kwa ncha ya sindano na utie dawa ya kulainishia. Nusu ya mara unazama. Kwenye bega la mviringo, kata mipasuko midogo kwenye kingo za stika ili ikubali kupinda.

Kuandika kwa mkono kunawezekana. Weka nukta kwenye pembe za namba kwanza, halafu uziunganishe. Anza na 1, 4 na 7. Namba 8 iache ya mwisho, na 3 mpe mchezaji ambaye humpendi.

Mkono uliouunga unang'oka kila mechi

Hapa tunaingia kwenye kugeuza: kumkata mchezaji, kumpa mkono wa mwingine, kumvika kofia uliyoifinyanga, kumfanya aruke badala ya kusimama. Swali la kwanza ni kwamba umeunga nini na nini. Gundi ya plastiki huyeyusha pande mbili zikawa kitu kimoja, lakini kazi yake ni plastiki ngumu kwa plastiki ngumu tu. Kwenye rezini au metali haifanyi lolote, hata ukisubiri wiki. Huko unahitaji supaglu, na supaglu ina tabia yake: ukiivuta inavumilia, ukiipiga kwa ubavu inakatika. Mchezaji wa Blood Bowl hupigwa kwa ubavu mchana kutwa.

Kwa hiyo tia msumari. Toboa kwa drili ndogo ya mkono yenye ncha ya milimita 1, urefu wa milimita 4 au 5, begani na kwenye mkono. Kata kipande cha klipu ya karatasi kikae ndani ya matundu yote mawili. Wengi wanakwama kwenye kulinganisha matundu. Toboa upande mmoja, tia tone la rangi kwenye ukingo wa tundu, kandamiza mkono pale unapotaka ukae, na tone litakuonyesha pa kutoboa upande wa pili. Kwaruza nyuso zote kwa tupa kabla ya gundi, maana supaglu haipendi palipo laini kama kioo.

Ukiona weupe kama chumvi kuzunguka maungio, ni mvuke wa supaglu uliotulia juu ya mwili, na pwani hutokea zaidi kwa sababu gundi hiyo hukazwa na unyevu. Tumia kidogo, pepea, na unga kila kitu kabla ya kupaka rangi. Weupe wenyewe unafunikwa na praima bila shida.

Puti ya epoksi ya kijani, ile inayotoka utepe wa bluu na njano, ina malalamiko mawili. Ikiwa na punje ngumu ndani, ulichanganya pamoja na ule mstari wa kati ambapo bluu na njano zilikuwa zimegusana. Hapo ilishakauka siku nyingi, kata utupe. Ikiwa inanata kwenye vidole kuliko kwenye mchezaji, ni mbichi mno: iache nusu saa, na lowesha kifaa kwa maji au Vaseline kidogo. Njano nyingi inaifanya laini na ya kunata, bluu nyingi inaifanya ngumu na yenye kingo kali. Ipe siku nzima kabla ya kuikata. Rezini unapoipiga msasa, uloweshe msasa na uvae barakoa, vumbi lake si la kuvuta. Na ukinunua vijisanamu vya metali vya zamani, chukulia vina risasi ndani: nawa mikono na uviweke mbali na watoto.

Mrukaji wangu anaanguka bila kupigwa

Uzito uko juu, kitako ni chepesi. Bandika washa ya chuma, kile kipete bapa cha bolti, chini ya kitako. Wachezaji wengi wa sasa husimama kwenye vitako vya milimita 32, wadogo kama goblini 25, na majitu 40. Ukimwegemeza mrukaji mbele hadi mkono wake ufike mraba wa jirani, utagombana na kila mtu anayetaka kusimama pale. Mgeuze aruke kwenda juu.

Mpinzani anauliza kila zamu, «Huyu ni nani?»

Hii nayo ni kasoro, tena imeniponza kuliko zote. Nilimgeuza kila mchezaji kwa namna yake hadi mrushaji hakufanana na mrushaji. Mwenzangu alidhani yule aliyeinua mkono ndiye, kumbe alikuwa anapungia mashabiki. Sikutaka kukata tena. Nilipaka ukingo wa kitako rangi kufuata kazi ya mchezaji: warushaji nyeupe, wapigaji nyeusi, wadakaji bluu, na namba ikaandikwa mbele ya kitako pia. Ujuzi unaoongezeka katikati ya ligi nauonyesha kwa vipete vya mpira vya rangi vinavyovalishwa kitakoni.

Mpira unakataa kukaa mkononi

Kama umetoboa kiganja na mpira ukatia sumaku ndogo za milimita 2, na mpira unaruka badala ya kunasa, umegeuza upande mmoja wa sumaku. Bandua ugeuze. Kabla ya kutia nyingine, zipange zote kwenye mnara mmoja na upake kila moja juu kwa kalamu ya wino mwekundu. Kwenye viganja wekundu utazame nje, na kwenye mpira wekundu uingie ndani, kwa wachezaji wote 16 wa kikosi, ili mpira mmoja uwakubali wote.